Re: Mama ana sukari, aache ugali wa muhogo?
Pole ndugu yangu. Umeuliza kama mama aache kabisa ugali wa muhogo maana akila ugali huo, sukari yake ya damu inapanda mpaka 14 (mmol/L kwenye kipimo). Asiache, apunguze tu. Mi niko huku Ujiji nina sukari pia, sahani yangu nusu ni matembele, robo dagaa au samaki mgebuka, robo ndo ugali, nikimaliza silali natembea kidogo, na imenisaidia sana. Apime asubuhi kabla hajala, iwe kati ya 4 na 7, masaa mawili baada ya kula isizidi 10, ikiendelea kuzidi mpeleke kliniki wamwangalizie dawa. Ila ikishuka chini ya 4 anatetemeka jasho linamtoka, mpe haraka vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji alafu mpime tena baada ya dakika 15.