Linki inafunguka kwako tu? Mimi yaliwahi kunikuta

Mkuu, umeuliza kwa nini video ya harusi ya mdogo wako uliyoiweka Google Drive inafunguka kwako, ila ndugu wote wanaambiwa waombe ruhusa. Linki yako haina kasoro. Faili bado liko Restricted. Bonyeza vidoti vitatu, nenda kwenye Share, weka Anyone with the link, na hapo pembeni acha Viewer. Linki ni ileile uliyokwisha kuwatumia, usiwatumie nyingine.

Mimi napiga video za harusi hapa Tanga, na kosa hilohilo nililifanya YouTube. Nilipakia video ya saa mbili na ushei kwa bando la usiku, alfajiri nikaitupia linki kwenye grupu la familia, nikalala. Kuamka, grupu linawaka. Shangazi wa bibi harusi, yuko Muscat, kaandika: "Mwanangu, pesa tumekulipa, mbona umetufungia mlango?" Kumbe nimeweka Private. Hiyo wanaiona watu uliowaalika mmoja mmoja kwa akaunti zao za Google, basi. Kwangu ilicheza vizuri kwa kuwa simu ilikuwa na akaunti yangu, ndiyo maana sikushtuka. Siku hizi situmi linki kabla sijaifungua kwenye simu ya kinyozi jirani yangu.

Ya familia weka Unlisted. Haitokei mtu akitafuta, ila mwenye linki anaona, na anaweza kumpa mwingine, kwa hiyo usiite siri. Kama akaunti hujaithibitisha kwa namba ya simu, video ikizidi dakika 15 haipandi.

YouTube au Drive? Kwa kuangalia tu, YouTube, maana inashusha ubora mtandao ukisuasua. Shida yake, ukikosea huwezi kubadilisha video ukabaki na linki ileile. Niliwahi kukosea jina la bwana harusi pale mwanzoni (usiniulize ilikuwaje), nikapakia upya, na mpaka leo kuna wanaosambaza ile ya zamani. Drive unapandisha toleo jipya kwenye faili lilelile na linki inabaki. Ila zile GB 15 za bure zinagawana na Gmail na picha zako, harusi mbili tatu zinakwisha.

Na nyimbo! Unlisted haikuepushi na hakimiliki. Ukibandika taarabu ya watu, mfumo wa YouTube unaitambua, na video inaweza kufungiwa baadhi ya nchi.

Kama una za zamani, zikague. Zile Unlisted zilizopakiwa kabla ya 2017, YouTube ilizigeuza Private Julai 2021. Wateja wangu wa 2015 walinipigia wakidhani nimezifuta makusudi.

Halafu bibi yenu hataki kuona saluni nusu saa, anataka maharusi wakiingia ukumbini. Tuseme wanaingia saa 1 na dakika 12: hizo ni sekunde 4320. Mwisho wa linki fupi ya youtu.be ongeza ?t=4320. Ikiwa tayari ina alama ya kuuliza na si= mbele yake, andika &t=4320. Bibi akigusa tu, anakutana na vigelegele.