Kwa wewe ambaye huna ushuhuda bado

Makanisani kwetu kuna desturi ninayoipenda na kuiogopa kwa wakati mmoja, nayo ni ushuhuda. Mtu anasimama, anasimulia alivyougua akapona, alivyosota bila kazi akapata, alivyohangaika kutafuta mtoto na leo kichanga kiko mgongoni. Tunapiga vigelegele, na mimi hupiga kuliko wengi. Ila sijawahi kuona mtu amesimama akasema, "Tumsifu Yesu Kristo. Mume wangu aliugua, bado anaumwa, na sijui mwezi ujao tutakula nini. Ni hayo tu." Habari husubiriwa mpaka iishe vizuri ndipo iletwe mbele za watu. Matokeo yake, wewe uliye katikati ya shida unaanza kudhani imani yako ina kasoro, kwa kuwa huna cha kusimulia.

Nakuandikia wewe.

Mume wangu ni fundi wa mashua hapa Bagamoyo. Kiharusi kilimpata asubuhi akijiandaa kwenda pwani. Mdomo ulipinda, mkono wa kulia ukalegea, na maneno yakamkatikia kinywani. (Ukiona dalili hizo kwa mtu wako, usimchue mafuta wala usiseme alale kwanza apumzike. Mkimbize hospitali saa ileile.) Alinusurika. Mguu ulipata nguvu kidogo kidogo, mkono ukabaki vilevile, na usemi ndio uliotutesa kuliko vyote. Mimi nakaanga samaki. Alfajiri niko kwenye mnada, mchana niko kwenye karai. Riziki iliyokuwa ikiletwa na watu wawili sasa ililetwa na mmoja, na huyo mmoja ana mgonjwa wa kuogesha na kulisha.

Wafariji walikuja. Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku 7, usiku na mchana, bila kumwambia neno, na kwa maoni yangu hapo ndipo walipofanya kazi njema. Waliharibu walipofungua vinywa. Wa kwangu hawakungoja hata siku ya pili. Mmoja aliniuliza kama kuna dhambi ambayo hatujaitubu. Mwingine, wa upande wa ukoo, alikuja na jina la mganga; kila ukoo una mtu wake wa kazi hiyo. Wa tatu alinipa namba ya mtumishi fulani, ambaye kwenye simu alinitaka nipande mbegu ya imani, na kiasi cha mbegu alikuwa nacho tayari. Nikamwambia mbegu niliyo nayo ni mtaji wa samaki. Akakata simu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni wa mfukoni: mtaji usiuguse. Wala dawa za presha zisiachwe eti kwa sababu mmeombewa. Mtu aombewe na dawa ameze. Eliya alipochoka hata akajiombea kufa, pale chini ya mti wa mretemu, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye sana, mlimani. Kama umekesha na mgonjwa na unaona huwezi kusali, pengine kinachohitajika ni usingizi na ugali, wala hujapoteza wokovu.

Sasa nikueleze kilichonifundisha zaidi. Mume wangu alikuwa hawezi kusema "maji". Aliyaona kwenye jagi, akayataka, akanyoosha mkono wa kushoto, neno likagoma. Jina langu pia liligoma, na hilo liliniuma, sitaficha. Jioni moja wanajumuiya, yaani majirani Wakatoliki tunaosali pamoja nyumba kwa nyumba, walikuja kusali Rozari nyumbani. Tulipoanza Salamu Maria, tukasikia sauti nyuma yetu. Ni yeye! "Salamu Maria, umejaa neema, Bwana yu nawe," mpaka amina, bila kukwama. Akaendelea kumi la kwanza, la pili, mpaka yote matano.

Unaweza kufikiria nyumba ilivyolipuka. Watu walilia, mmoja akaanza kupanga siku ya kutoa ushuhuda kanisani. Kesho yake asubuhi alitaka maji, na neno halikuja.

Mtaalamu wa mazoezi hospitalini alinielewesha. Kiharusi kikipiga sehemu ya ubongo inayotunga maneno, mtu hushindwa kuunda sentensi mpya, lakini yale aliyoyazoea tangu utotoni, kama nyimbo, sala na kuhesabu, mara nyingi hubaki, kwa sababu kichwani hupita njia nyingine. Wagonjwa wengi wa namna hii huimba vizuri huku hawawezi kuomba maji. Nilipowaambia wanajumuiya, baadhi walinuna kana kwamba nimemnyang'anya Mungu kitu. Mimi sikuona hivyo. Ugonjwa ulipita humo kama mwizi ukachukua karibu kila neno, na sala ndizo zilizobaki. Kuna mtu alimfundisha zile sala akiwa mtoto, labda kwa kumfinya sikio kwenye mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, na yule mwalimu hakujua anamwekea akiba ya siku gani.

Mafundi wa pwani wana kazi inaitwa kalafati. Wanashindilia pamba kwenye maungio ya mbao ili maji yasiingie. Kazi hiyo hufanywa chombo kikiwa nchi kavu, maana ukikigundua kina upenyo mkiwa katikati ya bahari, kilichobaki ni kukumba maji tu. Ndivyo ninavyoziona sala za kukariri. Wapo wanaozidharau, wanasema ni kurudiarudia maneno bila roho. Ningependa waje wakae na sisi jioni moja.

Na ukishaingia kwenye shida huku huna akiba hiyo, azima. Zaburi zipo kwa ajili hiyo, na nyingi ni za malalamiko kuliko tunavyofundishwa. Zaburi ya 13 inamuuliza Bwana hata lini. Ya 88 ni kilio kutoka mwanzo hadi mwisho. Inaishia gizani, na hakuna aliyeifuta kwenye Biblia kwa kukosa ushuhuda. Hata Yesu msalabani aliposema "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha," alikuwa akisali mstari wa kwanza wa Zaburi ya 22. Kama Mwana wa Mungu mwenyewe alisali kwa maneno ya zamani siku ya maumivu yake, sisi ni nani tujilazimishe kutunga sala nzuri?

Mimi nilizisoma kwa sauti nikipara samaki. Mwanzoni niliona haya, maana nimelelewa kwamba kumlalamikia Mungu ni kukufuru. Siku hizi naona anayemlalamikia bado anamsemesha. Hatari kubwa ni pale unapomnunia na kunyamaza kabisa, huku Jumapili unaimba kwa bidii ili watu wasijue. Na siku ambazo hata kulalamika kulinishinda, nilishika lile neno la Paulo kwa Warumi, kwamba hatujui kuomba ipasavyo, na Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Ukiishi na mtu ambaye maneno yamemgomea, mstari huo unausoma tofauti.

Paulo huyohuyo, sura ya 5, anapanga dhiki, kisha saburi, kisha uthabiti wa moyo, ndipo tumaini. Tazama tumaini limekaa wapi: mwisho wa foleni. Kwa hiyo mtu akikuuliza wiki ya kwanza ya msiba au ugonjwa mbona huna tumaini, mwambie bado liko njiani. Wiki hiyo kazi yako ni kustahimili mpaka jioni.

Kuna mstari mwingine ambao nimetumiwa kwenye simu mara zisizo na idadi, Yeremia 29:11, wa mawazo ya amani na tumaini siku zijazo. Ni mstari mzuri sana. Wanaoutuma huruka wa 10, ambapo Bwana anawaambia wale wahamishwa wa Babeli kwamba hayo yatakuja baada ya miaka 70. Na huruka wa 5 pia, ambapo wanaambiwa kwa sasa wajenge nyumba, wapande bustani na wale matunda yake, hukohuko ugenini.

Watu wa Bagamoyo tuna mfano wa jambo hilo mlangoni kwetu. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipotoka Zanzibar na kufungua misheni hapa mwaka 1868, waliwaweka watu waliokombolewa utumwani, wakawa na kijiji chao. Walikuwa huru, ndiyo, lakini wengi walikuwa wamebebwa kutoka mbali wakiwa watoto. Njia ya kurudi kwa mama zao haikuwepo tena. Wakalima, wakapanda, wakaoana, wakazaa. Mwaka 1872 dhoruba kubwa ikapiga pwani hii na kubomoa majengo mengi ya misheni, wakaanza upya. Makaburi ya wamisionari wa kwanza bado yapo, na ukisoma misalaba utaona wengi walikufa wakiwa vijana. Homa iliwamaliza kabla hawajaona chochote cha kujivunia. Nikitoka misa huwa napita pale. Wageni hukimbilia mnara ambamo mwili wa Livingstone ulilazwa mwaka 1874, mimi naenda kwa hawa wengine. Wananisaidia zaidi, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyemaliza hadithi yake vizuri, na imani yao haikuwa pungufu.

Mume wangu sasa anasema maneno machache, na siku nyingine anayapoteza. Mkono wa kulia bado. Kazi ya mashua anaisimamia kwa ishara akipelekwa pwani, na vijana wake wanamwelewa, au wanajifanya wanamwelewa.

Kilichobadilisha siku zetu hasa ni zamu. Jumuiya yetu ndogo ndogo iliacha kuja wote siku moja na kuimba, ikagawana asubuhi za kukaa naye nikiwa mnadani. Jumanne ni ya jirani yetu, mzee Mwislamu, ambaye alijiandikisha mwenyewe bila kuombwa. Mume wangu husali Rozari yake, na akipotea kwenye hesabu yule mzee, aliyezoea tasbihi, humwonyesha punje aliyofikia. Kama jumuiya yenu haina zamu za namna hii na kuna mgonjwa mtaani, litajeni Jumamosi hii kabla ya sala ya kufunga. Mje na daftari, kila mtu aandike siku yake palepale, kwa sababu wakishatoka nje ya mlango hamtawapata.