Wafundishe kusubiri kabla ya kusema

Mwaka wangu wa kwanza kusimamia klabu ya maigizo niligawa karatasi zenye maneno, nikawapa wanafunzi wiki mbili wakariri. Wakakariri kweli. Siku ya mahafali kila mmoja aliyamwaga maneno yake mbiombio, macho juu darini, kisha akangoja mwenzake amalize ili aseme tena. Wazazi wakaanza kuzungumza yao. Watoto waliumia, na kosa lilikuwa langu.

Tamthilia wanazisoma kwa ajili ya mtihani: dhamira, wahusika, mandhari. Ni nadra mtu kuwaambia wasimame waicheze. Ndiyo maana siku hizi sigawi karatasi mpaka wiki ya tatu. Naanza na kimya.

Habari za Maji Maji, vita vya kuwapinga Wajerumani, kila mmoja wao anazijua kutoka somo la historia. Masimulizi yanasema Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyewapa wapiganaji maji ya dawa, mwaka 1904 alizama majini, ndugu zake wakakesha ukingoni, na kesho yake akatoka nguo zikiwa kavu. Nachagua wanafunzi kumi na kuwaambia: ninyi ndio mliobaki ukingoni. Hakuna kusema. Dakika tano.

Mara ya kwanza huwa vurugu. Huyu anajishika kichwa, yule anajigaragaza, wengine wanacheka. Nawasimamisha na kumwuliza kila mmoja: wewe ni nani kwake, na sasa hivi unataka nini? Binti mmoja wa kidato cha tatu alijibu kwamba yeye ni mkewe, na hataki watu wajue ameanza kukata tamaa. Tuliporudia, alikaa chini akawa anakunja na kukunjua upindo wa sketi yake. Majini hakutazama hata mara moja. Darasa zima likatulia tuli, na tangu siku hiyo sikuhitaji tena kuwaeleza kuigiza ni nini.

Swali hilo, unataka nini, liambatane na kila sentensi mtakapofika kwenye maneno. Wajifunze wawiliwawili, wakitazamana. Anayesahau aseme kwa maneno yake mwenyewe, asikatizwe.

Kuhusu sauti, msitegemee kipaza sauti kimoja cha kupokezana. Nawapeleka uwanja wa mpira, mmoja golini, mwingine katikati, waulizane habari za nyumbani. Wakipiga kelele koo linakauka. Wakumbushe jinsi mama anavyomwita mtoto aliye ng'ambo ya bonde: anavuta irabu. Na waikamilishe silabi ya mwisho, maana wengi huimeza. Aliyekaa nyuma akisikia "amepig..." hajui kama mtu amepiga au amepigwa, na hapo kisa chote kimempotea.

Wenye haya msiwalazimishe. Wapeni ngoma, mavazi, au kazi ya kushika daftari la maneno. Wengine huomba nafasi wenyewe baada ya mwezi. Na mazoezi yaishe mapema, wanaosoma kutwa wafike kwao kabla ya giza. Mzazi aliyempokea binti yake usiku hatamruhusu tena, na ana haki.

Siku moja kabla ya onyesho nakaa kiti cha mwisho bwaloni, karibu na mlango wa jikoni. Wapishi wakiwa wanapita na masufuria yao bila kusimama, tunaanza upya.