Timu yangu inanificha matatizo

SWALI: Nimepandishwa cheo, sasa nasimamia watu 9. Kazi naijua vizuri, ila mtu akileta habari mbaya kikaoni, sauti yangu hupanda. Siku hizi matatizo yananifikia yakiwa yameshaharibika kabisa. Nifanyeje?
Msimamizi mpya

JIBU: Wanakuficha kwa sababu wameona yaliyompata aliyetangulia kusema. Usianze kuwahimiza wawe wawazi. Anza na zile sekunde chache baada ya mtu kutamka "kuna tatizo".

Hasira huanza mwilini. Kwa wiki moja jichunguze tu: taya zinakaza, masikio yanapata moto, au unaanza kumkatiza mtu? Andika dalili, saa, na kilichotangulia. Wiki inayofuata, dalili ikija, toa pumzi polepole, ndefu kuliko uliyovuta, mara 2 au 3. Kisha itaje hisia yako kimoyomoyo, bila kuipamba: "Naogopa wakubwa wataniuliza." Wasimamizi wengi wapya wakiichimba hasira yao hukuta hofu chini yake. Kutaja huku kuna msingi: uchunguzi wa ubongo uliochapishwa na Matthew Lieberman na wenzake mwaka 2007 ulionyesha kuwa watu walipoitaja kwa neno hisia waliyoiona kwenye picha ya uso, amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulika na vitisho, ilipunguza kazi.

Ndipo ufungue kinywa: "Asante kwa kuniambia. Nini kimetokea? Nani ameathirika? Unahitaji nini kwangu leo?" Swali la "kwa nini" liache kwanza, maana mtu mwenye wasiwasi hulisikia kama mashtaka, akaanza kujitetea badala ya kueleza.

Makosa yarekebishwe faraghani, ikiwezekana ndani ya saa 24. Taja tendo, athari, kisha ombi: "Ripoti imefika Jumatano badala ya Jumatatu, mteja amepiga simu mara mbili. Ukiona utachelewa tena, niambie siku moja kabla." Ukisema "wewe hujali kazi", umeshamhukumu mtu na ripoti imesahaulika.

Uliowakaripia mbele ya wenzao, waombe radhi mbele ya wenzao haohao: "Nilikupandishia sauti. Nilikosea." Ishia hapo. Ukiongeza "lakini", watakachokumbuka ni kile kinachofuata. Na usitarajie siri kubwa mara moja; watakuletea kwanza jambo dogo wakupime. Hapo ndipo wengi huharibu, kwa kulipuuza au kulicheka. Lishughulikie siku hiyohiyo, umrudie aliyelileta umwambie limefikia wapi.

SWALI: Mmoja wa wafanyakazi wangu hulia kila nikimrekebisha. Nimwache?
Meneja wa zamu

JIBU: Usimwache, maana atabaki na kosa lake na wasiwasi juu. Nyamaza kidogo, kisha muulize: "Tuendelee sasa au baada ya dakika 10?" Usimwambie "usilie", wala usimkisie: "najua una shida nyumbani". Mkiahirisha, mmalizie siku ileile. Halafu jiangalie wewe pia: unaleta hoja ngapi kwa mkupuo? Aliyelimbikiziwa makosa ya mwezi mzima katika kikao kimoja hana pa kushika. Leta hoja 1, tena mapema, na kabla hamjaachana mwambie aeleze kwa maneno yake atakachobadilisha.