Spiriti kwenye injini ya boti: piga hesabu ya nguvu kabla ya bei

Ndugu yangu wa Ujiji, nimekuelewa: petroli imekuumiza, spiriti (yaani ethanoli) umeipata kwa bei ya chini, na unataka kuichanganya kwenye injini ya boti yako ya tustroki, ile inayochanganyiwa oili ndani ya petroli.

Bei ya lita peke yake inadanganya. Lita 1 ya petroli ina nishati ya takriban megajuli 32 (megajuli ni kipimo cha nishati), ethanoli takriban 21. Yaani kazi ya lita 10 za petroli inahitaji kama lita 15 za ethanoli. Kwa hiyo spiriti ikizidi theluthi mbili ya bei ya petroli, umeshakula hasara.

Kinachonitisha zaidi ni maji. Ethanoli huvuta unyevu, na wewe unalala ziwani. Maji yakizidi, mchanganyiko hujitenga: petroli juu, maji na ethanoli chini, pale pale injini inapovuta. Oili haishikani na tabaka hilo, hivyo pistoni inaweza kukwama kwa ukavu. Mipira ya zamani ya kabureta nayo huliwa. Tafadhali, usijaribu hili ukiwa na watu katikati ya Ziwa Tanganyika.

Na mawese je, badala ya spiriti? Nguvu yanayo, yanaikaribia dizeli, ila hayafai kabisa kwenye injini ya petroli. Hata kwenye dizeli ni mazito mno yakiwa mabichi.

Ukitaka kupunguza gharama, anza na plagi, kipimo cha oili unayochanganya na petroli, na propela. Mwone fundi wa boti azikague. Mafuta mengi hupotelea hapo.