Kufundisha huduma ya mahututi Pemba bila ya mashine ya kupumulia: jibu kwa daktari aliyeuliza

Waalaykum salaam daktari, mdogo wangu. Umeeleza kwamba umerudi kutoka masomoni, umepangiwa hospitali huko Pemba, na umekabidhiwa madaktari walio mafunzoni, wanafunzi wa uuguzi na wauguzi wa wodini uwafundishe kuhudumia wagonjwa mahututi. Hospitali haina hata mashine moja ya kupumulia. Unauliza usubiri mashine au uanze, na ukianza, uanze na nini.

Mimi ni muuguzi. Nimefanya kazi chumba cha mahututi na nimekuwa nikifundisha wenzangu hapa Unguja kwa miaka kadhaa. Anza kesho, na uanze na kuhesabu pumzi.

Mgonjwa wa wodini hafi ghafla kama tunavyowaambia jamaa zake. Mara nyingi kaanza kuhema mbio tangu alasiri, magharibi akawa haelewi anachosema, na alipozimika alfajiri ndipo watu wakakimbia. Fungua mafaili ya wodi yoyote. Joto limeandikwa, presha imeandikwa, lakini pahala pa pumzi utakuta 20, 20, 20, kutoka kitanda cha mlangoni mpaka cha dirishani. Hiyo 20 haikuhesabiwa, imeandikwa tu. Kwa hiyo somo langu la kwanza halina projekta wala daftari. Kila mmoja anapewa mgonjwa wake na saa, anatazama kifua dakika nzima, kisha tunalinganisha na faili. Watu hushtuka wenyewe, huna haja ya kumgombeza mtu.

Baada ya hapo wape namba chache za kushika. Kwa mtu mzima mimi natumia hizi: pumzi chini ya 8 au zaidi ya 30 kwa dakika, oksijeni inayopimwa kidoleni chini ya asilimia 90, mapigo chini ya 40 au zaidi ya 130, namba ya juu ya presha chini ya 90, au mgonjwa haitiki ukimwita. Yoyote kati ya hizo ni hatari. Muhimbili waliwahi kujaribu utaratibu wa namna hii kwenye chumba chao cha mahututi, kila namba mbaya ikifungwa na hatua ya kuchukua pale pale. Vifo kwa jumla havikushuka, lakini kwa wale waliofika presha ikiwa imeshuka vilipungua. Mimi nimelishika hilo kwa sababu presha iliyoshuka haihitaji mashine ya mamilioni kuigundua.

Sasa nikuombe kitu kimoja kwa msisitizo: usiwafundishe madaktari peke yao. Usiku muuguzi mmoja ana wodi nzima, na daktari wa zamu yuko thieta au leba. Ikiwa muuguzi ameona oksijeni 84 na hana ruhusa ya kufanya kitu mpaka daktari atokee, basi hukumfundisha chochote. Kaa na matron na mganga mkuu muandike, kwa sahihi zao, mambo ambayo muuguzi anayafanya kabla ya kupiga simu: kumlaza mgonjwa ubavu akiwa hajitambui, kufungua na kusafisha njia ya hewa, kumuwekea oksijeni, kupima sukari na kuipandisha ikiwa chini, kuweka kanula, ule mrija mdogo wa mshipani. Bila karatasi hiyo, watu watarudi kwenye khofu yao. Nimeona wauguzi hodari kabisa wakisimama tu pembeni ya kitanda, si kwa kutojua, bali kwa kuogopa kuambiwa "nani kakuruhusu?"

Oksijeni ifundishe kwa mikono, kwa vifaa vile vile mlivyonavyo. Mirija ya puani kwa mtu mzima ni mpaka lita 5 kwa dakika. Barakoa ya kawaida haiwekwi chini ya lita 6, maana mgonjwa atavuta tena hewa yake chafu. Ile yenye mfuko inataka lita 10 mpaka 15, na mfuko ujae kwanza kabla hujamvisha. Halafu waulize: mashine ya kuzalisha oksijeni inayotoa lita 5 italisha barakoa ya mfuko? Haiwezi, lakini utaikuta imeungwa hivyo hivyo. Na umeme ukikatika? Wengi wetu tunakumbuka Unguja ilivyokaa gizani karibu miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009. Mtungi ukae karibu, na spana yake ifungwe kwa kamba hapo hapo.

Wafanye hesabu pia. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 kwa lita 5 kwa dakika unafika saa 22 na kidogo, kwa lita 15 ni saa saba na nusu. Mtungi mdogo wa safari wenye lita 680, kwa lita 10, ni dakika 68. Boti kutoka Mkoani huko Pemba haifiki bandari ya Malindi hapa Unguja kwa dakika 68. Kwenu ninyi hesabu hii inaamua kama mgonjwa wa rufaa asafiri leo au atulizwe kwanza.

Kwenye maji ya dripu uwe mkali. Tulio wengi tulilelewa kuwa presha ikishuka, fungua maji. Mwaka 2011 yalitoka majibu ya utafiti mkubwa wa Kenya, Uganda na Tanzania, Muheza ikiwa mojawapo ya vituo, kwa watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu. Waliopewa maji mengi kwa haraka walikufa karibu 11 katika kila 100 ndani ya saa 48, na wale wa taratibu 7 katika kila 100. Usilichanganye hilo na kipindupindu au kuharisha sana, ambako maji ndiyo dawa. Wafundishe kuuliza kwanza maji yamepotea wapi, na kurudi kuhesabu pumzi baada ya kila chupa.

Mifano usiitoe vitabuni, iko mlangoni kwenu. Msimu wa karafuu wanaanguka watu mitini: hapo fundisha shingo, kichwa na kupumua. Ramadhani wanakuja wenye kisukari, mmoja sukari imezama, mwengine imepanda na anahema kwa nguvu. Habari ya mzazi mwenye kifafa cha mimba ifundishwe wodini kwake. Dozi ya kuanzia ya magnizia, dawa ya kuzuia kifafa hicho, wataikariri. Lililo gumu ni yale matatu ya kutazama kabla ya kila dozi inayofuata: pumzi zisipungue 16, goti liruke likigongwa, na mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Mkunga anayejua hayo, na mwenye kalsiamu glukoneti, dawa ya kuizima magnizia ikizidi, karibu yake, ndiye ninayemwamini na magnizia.

Vipindi viwe vifupi, dakika kumi wakati wa kubadilishana zamu, karibu kila siku. Semina ya siku mbili hotelini sina imani nayo.

Kuhusu mashine ya kupumulia, ikija, karibu. Lakini mwaka 1952 polio ilipopiga Copenhagen, daktari wa usingizi Bjørn Ibsen hakuwa na mashine za kutosha. Wagonjwa walitobolewa koo, na wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 wakapeana zamu kuminya mifuko ya hewa kwa mkono, mchana na usiku, kwa miezi kadhaa. Vyumba vya mahututi tunavyovijua vilizaliwa hapo. Mkiwa na mfuko wa kumpumulisha mgonjwa na barakoa yake, mna cha kufundishia.

Umeuliza pia utajuaje kama wameshika. Nenda wodini saa tisa usiku bila kutangaza, ukasome mafaili. Tazama kama pumzi zinatofautiana, kama penye namba mbaya pameandikwa nini kilifanywa na saa ngapi, na kama mgonjwa alipimwa tena. Ile karatasi ya namba tunayoibandika ukutani ninayo. Niandikie faragha nikutumie, ila ya watoto ni tofauti na ya watu wazima, useme unataka ipi.