Maswali na majibu: Freemason katika makoloni ya Marekani

Loji ya kwanza, yaani tawi la Freemason, ilifunguliwa wapi, Boston au Philadelphia?

Boston wanajivunia Henry Price, aliyeanzisha loji mwaka 1733 kwa mamlaka ya Loji Kuu ya London, chombo kilichosimamia loji. Lakini daftari la hesabu la loji ya Philadelphia linaanzia Juni 1731. Mimi nashika daftari.

Walikutania mapangoni?

Hapana. Kwenye nyumba za pombe, kama Bunch of Grapes na Green Dragon za Boston.

Ni kweli Freemason ndio waliopanga uhuru wa Marekani?

Swali hili haliishi kuletwa, na wanaolileta hawajatazama hata majina. Kati ya viongozi wa uhuru, Benjamin Franklin na George Washington walikuwemo. Thomas Jefferson na John Adams hawakuwemo. Na vikosi vya Mfalme wa Uingereza vilikuwa na loji zake, kwa hiyo vitani ndugu wa Freemason walipigana na ndugu zao.

Kuna aliyewahi kufa akiingizwa?

Yupo aliyeuawa na watu waliojifanya Freemason. Philadelphia, 1737, mwanagenzi Daniel Rees alitamani mno kujiunga. Bwana wake, muuza dawa Evan Jones, akashirikiana na wenzake kumchezea: wakamwapisha kiapo cha kumtukuza shetani, na usiku mwingine wakamshusha chini ya nyumba, mmoja wao kajifunika ngozi ya ng'ombe yenye pembe. Pombe kali iliyokuwa ikiwaka kwenye chombo ikammwagikia, akafa baada ya siku chache. Loji zilitangaza haraka kwamba wahusika si wenzao. Franklin, aliyekuwa amekisoma kiapo kile akakicheka, alilaumiwa magazetini, na kwa haki. Jones alihukumiwa kwa kuua bila kukusudia. Vijana mnaoniandikia mkitaka "kuingizwa" mtajirike: anayekuahidi hivyo na kukutaka utume pesa kwanza ni tapeli. Usimjibu.

Weusi waliruhusiwa?

Hili ndilo swali ningependa mniulize kila wiki. Prince Hall na wenzake 14, Weusi huru wa Boston, waliingizwa Machi 1775, na waliowaingiza ni loji ya wanajeshi wa Uingereza, si majirani zao waliokuwa wakihubiri udugu. Wakaomba London hati ya kuwa na loji yao. Ikatolewa 1784, ikawafikia 1787, ikawapa African Lodge namba 459. Wazungu wenzao wakaendelea kuwaita Freemason bandia. Loji Kuu ya Wazungu ya jimbo la Connecticut ilipowatambua rasmi, ulikuwa mwaka 1989.